Ngoja ngoja ya milimita 600

Simu ilikuwa chumba cha pili, kwenye chaji. Mkasa wangu wote wa miezi 14 ulianzia hapo.

Oda za lenzi zilikuwa zinafunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Nilishaamka, nimeshakaa mbele ya kompyuta, nimeshajaza anwani na namba za kadi. Ukurasa ulipofunguka nikabonyeza kitufe cha kuagiza hata jina la lenzi sijamaliza kulisoma. Benki nayo ikataka kujiridhisha kwamba ni mimi, ikatuma namba ya uthibitisho kwenye simu. Nikakimbia. Nikajigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda. Niliporudi ile namba ilikuwa imeshapitwa na muda, nikaomba nyingine, nayo ikachelewa, na ukurasa ukachoka kuningoja ukanirudisha mwanzo kabisa. Oda ilipokubaliwa zilikuwa zimepita dakika 11.

Siku mbili baadaye nikampigia muuzaji kuuliza niko wapi kwenye foleni.

"Wewe ni wa 17, dada."

Na mzigo wa kwanza unakuja na ngapi?

"Mbili."

Sitataja chapa wala muuzaji. Lenzi yenyewe ni ya milimita 600 (namba hii ikiwa kubwa, lenzi inavuta vya mbali zaidi), f/4 (hii ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi zaidi), na wanaojua wanajua. Bei pia siitaji, kwa sababu mama yangu husoma humu.

Mimi napiga picha za ndege, hasa wale wadogo ambao watu wengi hawajui kama wapo. Miaka yote nimetumia lenzi ya milimita 300, f/4, niliyoinunua ikiwa imeshatumika na mtu ambaye naye aliinunua imeshatumika. Raba ya kuzungushia fokasi ilikuwa imelegea, nikaifunga kwa kipande cha mpira nilichokata kwenye tyubu ya baiskeli. Nikiifungia telekonvata ya 1.4, kile kilenzi cha kukuzia kinachokaa kati ya lenzi na kamera, inakuwa milimita 420, f/5.6, na mota yake inaanza kupumua kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Picha zilitoka. Nyingine zilitoka vizuri. Lakini ndege mdogo juu ya mti mrefu alikuwa anatoka kama nukta, na mimi nilikuwa nimechoka kuwaonyesha watu nukta.

Kwa hiyo 600. Gawanya 600 kwa 4 unapata 150, maana yake ile njia ya kuingizia mwanga ni milimita 150 kwa upana. Kioo cha mbele hakiwezi kuwa kidogo kuliko hapo. Ni sahani. Niliikariri lenzi ile kama mtoto anavyokariri timu ya mpira: uzito wake, idadi ya vioo vya ndani, vimepangwa katika makundi mangapi, kipi ni cha madini ya floraiti na kipi ni cha kioo maalumu, swichi ziko upande gani. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mwezi wa kwanza nilikuwa na raha ya kijinga. Nilianza kununua vitu vya lenzi ambayo sina. Nikanunua mguu mbadala wa chini, ule unaoingia moja kwa moja kwenye kichwa cha tripodi bila kuongeza sahani. Nikanunua mkoba wa kuibebea. Nikanunua na koti lake, kile kitambaa kigumu cha rangi ya majani kinachovalishwa lenzi isikwaruzwe, kimekatwa vipande sita vya kipimo chake kamili. Koti lilikaa rafuni miezi yote hiyo likiwa limesimama peke yake bila mtu ndani. Siku moja mpwa wangu alilivalisha chupa ya chai. Likakaa vizuri, nisiseme uongo. Tangu siku hiyo kila akija huuliza, "Mamdogo, mwenye nguo keshakuja?"

Halafu kamera yangu ikapata sasisho la programu, na katika maelezo yake mstari wa tatu ulisema sasisho hilo linaboresha fokasi unapotumia lenzi ile. Nikaliweka usiku ule ule. Kamera yangu ikawa tayari kabisa kwa kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa tayari kuniuzia.

Mwezi wa pili wa kungoja barua pepe ya kwanza ikaja. Inakadiriwa kufika Februari. Februari ikaja barua nyingine: Aprili. Mwishoni mwa Machi: "tarehe itathibitishwa". Barua zote zilianza kwa kunishukuru kwa uvumilivu wangu, uvumilivu ambao sikuwa nimewaambia kama ninao. Na kila niliyemlalamikia alikuwa na jibu moja tu, subira huvuta heri. Sijui kwa nini watu hao hao hawakumbuki kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni zetu, lakini inayotolewa ni ile isiyomgharimu msemaji.

Nikaanza kusoma kwa nini lenzi hizi huchelewa. Nilianza kwa hasira, nikitafuta mtu wa kumlaumu, na nikaishia kupenda kile nilichokisoma, jambo lililoniudhi zaidi.

Chukua floraiti peke yake. Ni madini, kalsiamu floraidi, na sifa yake ni kwamba mwanga ukipita ndani yake rangi hazitawanyiki sana. Ile mistari ya zambarau unayoiona pembeni ya tawi jeusi kwenye anga jeupe, floraiti ndiyo dawa yake. Shida ni kwamba vipande vya asili vilivyo safi na vikubwa ni adimu. Karne ya 19 Ernst Abbe kule Ujerumani aliitumia kwenye hadubini, ambako vioo ni vidogo. Kwa kamera ilibidi watu waikuze wenyewe kiwandani, na mwaka 1969 Canon ikatoa lenzi ya FL-F 300mm f/5.6 yenye floraiti iliyokuzwa. Madini hayo huyeyuka kwenye joto linalozidi kidogo nyuzi 1,400 za Selsiasi. Kuyayeyusha si kazi kubwa. Kazi ni kuyapoza. Hupozwa polepole, kwa majuma, ili fuwele ijipange bila ufa na bila mkazo ndani yake. Ikishatoka ni laini kuliko kioo, hukwaruzika haraka, haipendi kubadilishiwa joto ghafla, kwa hiyo kuisaga na kuing'arisha nako ni kwa bismillah. Hata ile rangi nyeupe ya lenzi kubwa za Canon haikuanza kama urembo. Ilikuwa kuzuia jua lisiichemshe floraiti ikavimba.

Vioo vya kawaida vya lenzi navyo hupozwa taratibu, hata kama si kwa kiasi hicho. Kisha kuna kuvipanga. Kioo kimoja kikikaa pembeni kwa kipimo kisichoonekana kwa macho, upande mmoja wa picha unalegea, na katika lenzi ya milimita 600 hakuna pa kujificha. Hufungwa na mafundi wachache, moja baada ya nyingine, zinapimwa, zinafunguliwa, zinafungwa tena. Nilitazama picha za chumba kimoja cha kazi hiyo: watu wamevaa nguo nyeupe mpaka kichwani, mbele ya kila mmoja kuna kioo kikubwa kimelala chali, na hakuna anayeonekana kuwa na haraka. Nikajisemea, huyu wa kushoto ndiye anayeishika yangu. Halafu nikaona picha yenyewe ni ya miaka mingi iliyopita.

Basi kwa nini wasiongeze mafundi? Hilo nililiuliza kwa sauti mbele ya mzee mmoja ninayemheshimu sana, anayepiga picha za ndege tangu enzi za filamu. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Lenzi hizi watu wangapi duniani wanazinunua? Wakijenga kiwanda kipya kwa sababu yako wewe na wenzako mliopagawa mwaka huu, mwakani watatengeneza nini humo? Viatu?"

Yeye aliingoja Canon ya 200-400 yenye telekonvata ndani. Ilitangazwa kuwa inatengenezwa Februari 2011, ikaingia sokoni Mei 2013. Mwezi ule ule wa Februari 2011 zilitangazwa pia 500 na 600 mpya za Canon, na hizo nazo hazikutoka mpaka 2012. Katikati hapo, tarehe 11 Machi, Japani ilipigwa na tetemeko na tsunami. Oktoba ya mwaka huo huo mafuriko ya Thailand yakakizamisha kiwanda cha Nikon kule Ayutthaya. Mzee ananisimulia haya kama mtu anayesimulia vita alivyopigana. "Ile ndiyo ilikuwa kungoja," akasema. "Nyie mnangoja huku mnaletewa barua pepe za pole."

Nikamkumbusha kwamba hata bila tetemeko watu hungoja. Nikon ilipotangaza 500mm f/5.6 ile nyepesi, Agosti 2018, yenye gramu 1,460 tu, kila mwenye mgongo mbovu aliitaka, na mwaka uliofuata bado kulikuwa na watu kwenye orodha. Akakubali. Akasema yeye mwenyewe alikuwa kwenye orodha hiyo. Mara mbili.

"Mara mbili vipi, mzee wangu?"

"Kwa wauzaji wawili."

Hapo nikanyamaza, kwa sababu mimi nilikuwa kwa watatu.

Ndiyo, niungame. Wiki ile ile ya kwanza, nilipoambiwa mimi ni wa 17, niliweka oda nyingine kwa muuzaji wa pili, na mwezi wa tatu kwa wa tatu. Wote wawili hawakutaka malipo ya awali, jina na barua pepe tu. Niliona nimepata ujanja. Kumbe ujanja huo anao kila mtu. Mtu mmoja anahesabiwa mara tatu, foleni inaonekana ndefu mara tatu, muuzaji anaagiza lenzi 20 akijua atapewa 4, mwaka ujao anaagiza 40 ili apewe 8, na kule juu kiwandani anakaa mtu anayejua fika kwamba nusu ya namba anazoletewa ni hewa, ila hajui ni nusu ipi. Ningekuwa mimi ningepuuza zote. Siku lenzi ya kwanza inaponifikia nafuta oda mbili, na mtu wa 18 mahali fulani anapandishwa bila kujua kwa nini. Kila ninapolaumu foleni nakumbuka kwamba watu watatu kati ya waliomo ni mimi.

Lakini yule muuzaji wa kwanza, huyo sijamsamehe.

Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nimeshuka kutoka 17 hadi 9. Nilikuwa napiga simu kila Jumatatu, tena kwa adabu: habari za kazi, poleni na majukumu, niko wa ngapi leo? Kijana wa pale alishaijua sauti yangu. Jumatatu moja akaniambia mimi ni wa 9. Jumatatu iliyofuata, wa 9. Ya tatu, wa 9, na katikati hapo mzigo wa lenzi 3 ulikuwa umeingia, nilijua kwa sababu walijisifu wenyewe. Nikauliza zile 3 zimekwenda wapi. Kijana akajikohoza. Akasema kuna wateja walionunua na kamera pamoja.

"Walikuwa kwenye foleni?"

"Walikuwa... wateja wa siku nyingi."

"Kwenye foleni, kaka. Walikuwemo?"

Kimya. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo namheshimu nacho: "Hapana, dada. Hawakuwemo."

Mimi naweza kungoja fuwele ipoe. Jiwe halina ubaguzi, haliulizi umenunua kamera au hujanunua. Naweza kungoja meli, tetemeko, hata Olimpiki, maana mwaka wa michezo ile lenzi nyingi ndefu huelekea kwa wapiga picha wa habari, na hilo ni haki, wao ndio wanaokula kwa kazi hiyo. Lakini kungoja mtu anayekudanganya kwamba kuna foleni, huko si kungoja. Unakuwa mapambo ya duka. Niliwaandikia barua ndefu. Wakanijibu kwa kunishukuru kwa uvumilivu wangu.

Nikajaribu njia za panya. Kukodi: lenzi ile ile, kwa wakodishaji, nayo ilikuwa na foleni, kwa sababu wote tuliokosa kununua tulikuwa na wazo moja. Iliyotumika: zilikuwepo chache, "imetumika mara mbili tu, kama mpya", kwa bei iliyopita ya dukani. Walanguzi hawa huweka oda alfajiri ile ile kama mimi, simu zao ziko mkononi. Nilikaribia kumtumia mmoja pesa. Kilichoniokoa ni mkwaruzo. Kwenye picha aliyonitumia, kifuniko cha mbele kilikuwa na mkwaruzo kama herufi V, na mkwaruzo huo nilikuwa nimeshauona wiki iliyotangulia kwenye tangazo la mtu mwingine kabisa. Nikamwomba anipigie picha lenzi ikiwa imelala juu ya karatasi yenye jina langu. Sijamsikia tena.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kilichotokea mwezi wa nne ni kwamba nilichoka kukaa kwenye kompyuta, nikaenda kwenye maji.

Kuna kidimbwi ninachokijua, na kuna mdiria pale. Yule mdogo, mgongo wa samawati, kifua cha chungwa, mdomo mrefu kuliko busara. Kwa lenzi yangu ya 300 alikuwa mbali kila siku, ng'ambo ya maji, na ndiye hasa niliyemwagizia ile 600. Sasa kama lenzi haiji kwangu, nikasema, basi mimi nitakwenda kwa ndege.

Nikatengeneza kibanda. Mabomba manne ya plastiki, kitambaa cha kijani kilichochakaa, kigoda cha kufulia. Siku ya kwanza nilikiweka mbali na maji, nikaondoka. Sikukaa ndani wala sikupiga picha. Baada ya siku tatu nikakisogeza hatua mbili. Nikaondoka tena. Wiki tatu kilikuwa kinatembea hivyo peke yake, mdiria anakitazama, anakizoea, mpaka kikafika ukingoni. Kisha nikachomeka tawi kavu kwenye tope, limeinama juu ya maji mahali ambapo samaki wadogo hujikusanya, mita tatu na nusu kutoka kwenye tundu la kitambaa. Nilipima kwa kamba.

Siku tano hakuna kitu. Siku ya sita nimekaa ndani, miguu imekufa ganzi, nasikia kama mtu ametupa kokoto majini. Nikainua macho. Yuko kwenye tawi, ana samaki.

Nataka uione hii vizuri, kwa sababu nimeitazama mara nyingi sana na bado sijaizoea. Mdiria hamli samaki papo hapo. Anamshika mkiani, anamgonga kwenye tawi. Kushoto, kulia. Tak. Tak-tak. Kwa mita tatu na nusu unaisikia ile sauti kama mtu anayegonga yai kwenye ukingo wa sufuria. Matone yanaruka. Magamba mawili matatu yanabaki yamenata kwenye gome, yanametameta. Samaki akishatulia anamgeuza kichwa kitangulie, anainua shingo, na anammeza mzima, na kwa sekunde moja anabaki na sura ya mtu aliyekula kitu akakisahau ni nini. Halafu anajikung'uta. Huo ndio wakati wa kupiga picha.

Na ile 300 yangu yenye mpira wa tyubu ya baiskeli, lenzi inayokubali kufokasi hata kwenye mita moja na nusu, ilimchukua mpaka nyuzi za manyoya. Kwa telekonvata alijaa kwenye picha kutoka juu hadi chini. Miezi tisa nilikwenda pale. Nilijua saa anazokuja. Nilijua anapokasirika anainua na kushusha kichwa kama mtu anayekubali jambo asilolipenda. Alipopata mke alimletea samaki juu ya tawi langu, samaki kichwa mbele, kwa adabu zote. Nina picha hiyo. Imechapishwa, iko ukutani mbele yangu ninapoandika.

Mtu mwenye akili angefuta oda zote tatu.

Mwezi wa 14 akapiga muuzaji wa pili, yule ambaye nilikuwa nimemsahau kabisa. Mzigo umefika, moja ni yako, una saa 48 za kulipa. Saa 48! Baada ya miezi 14 ya kungojeshwa, sasa mimi ndiye mwenye haraka. Fedha nilikuwa nimeweka, lakini katikati ya mwaka paa lilivuja, na paa halina foleni. Nikapungukiwa. Nikatazama huku na huku nyumbani nione nini kinauzika ndani ya saa 48.

Niliiuza ile 300.

Kijana aliyeinunua alikuja jioni, akaizungusha mkononi, akauliza huu mpira ni wa nini. Nikamwambia usiutoe. Akaondoka nayo na telekonvata yake.

Boksi lilikuja siku tisa baadaye. Nilisaini, nikalibeba kama mtoto aliyelala, nikaliweka mezani, nikakaa kulitazama. Mpwa wangu ndiye aliyelifungua, mimi mikono ilikuwa inatoka jasho. Ndani kuna boksi, ndani yake kuna mkoba, ndani ya mkoba kuna lenzi, na nilipoivua kifuniko nikajiona mzima mzima kwenye kile kioo cha mbele, uso wa kijani na zambarau, nimetoa macho. Kilo tatu na ushee. Fokasi yake haina sauti. Kwa dirishani niliielekeza kwenye antena ya mbali nikahesabu kutu. Tukaivalisha koti lake, vipande vyote sita, na kila kimoja kikakaa mahali pake. "Mwenye nguo kaja," mpwa wangu akasema.

Wiki hiyo hiyo, lazima niseme, yule muuzaji wa kwanza naye akaandika: yako imefika. Nilifuta oda kwa furaha ambayo si nzuri kuwa nayo. Wa tatu bado ananitumia barua kila mwezi kunishukuru.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kibandani kabla ya jua. Nilitanua tundu la kitambaa kwa sababu mdomo wa lenzi ulikuwa mpana mno, nikaifunga kwenye tripodi, nikangoja. Mwanga ukaja vizuri, ule wa chini, wa rangi ya asali, na ndani yake akaja mdiria, akatua, tak, samaki tayari mdomoni. Nikabonyeza kitufe nusu, ili lenzi ifokasi.

Lenzi ikaenda mbele. Ikarudi nyuma. Ikaenda mbele tena. Kwenye kamera kulikuwa na ukungu wa kijani, na katikati yake doa la samawati kama wino uliomwagika. Nikabonyeza tena. Mbele, nyuma. Nikadhani ni swichi ya masafa, ile inayoizuia fokasi isije karibu. Nikaipapasa. Iko sawa. Nikasafisha kioo cha kamera kwa kidole kama mjinga. Nje, mita tatu na nusu, ndege anagonga samaki wake taratibu kabisa.

Ndipo nikakumbuka kwamba kuna mstari mmoja wa maelezo ya lenzi sikuwahi kuukariri. Uzito niliujua. Vioo nilivijua. Ule mstari wa umbali mdogo kabisa wa kufokasi nilikuwa nimeuruka kila mara, kwa sababu nani ananunua milimita 600 ili asogee karibu? Lenzi kubwa za namna hii huanza kuona kwenye mita nne na zaidi. Yangu pia. Ndege alikuwa ndani ya upofu wake.

Pete za kurefushia, zile zinazokaa kati ya lenzi na kamera ili ifokasi karibu zaidi, ndiyo, najua, ningekuwa nazo zingesaidia. Sikuwa nazo. Nilikuwa na mguu mbadala, mkoba na koti.

Nikakaa nikamtazama kwa macho mpaka alipomaliza kula.

Kurudisha kibanda nyuma kulishindikana, nyuma yake ni mteremko wa tope na kigoda kilizama miguu yote. Kwa hiyo niliingia majini mpaka kwenye mapaja, nikang'oa lile tawi, magamba yake bado yamenata, nikalichomeka mita moja na nusu mbele zaidi. Nikapima kwa kamba ile ile. Siku nne hakulikanyaga. Alipita juu, akalitazama, akaenda zake.

Siku ya tano nilikuwa ndani tangu alfajiri, lenzi imeelekezwa kwenye tawi, fokasi imeshafungwa hapo tayari, kidole juu ya kitufe. Nikasikia kokoto majini. Nikasikia mabawa. Kisha, juu ya bomba la kibanda, kama nusu mita kutoka kichwani kwangu: tak. Tak-tak. Tone moja likanidondokea shingoni.